Eti "bado kuna watu wanaishi hapa?" Yule bwana wa ramani leo amenivuruga

Wakuu, natoka kikaoni sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Yule bwana mnamjua, simtaji, yule wa viatu vilivyochongoka kama mtumbwi. Kawasha projekta, Tabora nzima ikajaa ukutani: njano makazi, nyekundu biashara. Kufika kwenye kota za reli na maghala nyuma ya stesheni, peupe! Hakuna hata nukta. Akageuka, akauliza: "Hivi hapa bado kuna watu wanaishi?"

Mama yangu alikuwa mstari wa mbele! Mjane wa fundi wa reli. Kaamka humo humo kwenye hiyo peupe, kafagia uwanja, kavaa khanga mpya ya kikao. "Bado kuna watu?" Mbele yake!

Reli imefika hapa 1912, na kazi ya reli ndiyo iliyojenga upande ule. Huyo huyo kila kikao anatuimbia Detroit, mji wa Marekani. Sawa, Detroit 1950 ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.8, mwaka 2020 hawafiki laki sita na nusu. Viwanda vya magari vikafungwa, vingine vikahama. Stesheni yao kuu ikaaga treni ya mwisho 1988, ikabaki gofu miaka na miaka. Hawakuivunja, na 2024 imefunguliwa upya. Kule gofu lisilo na mtu limekumbukwa, huku nyumba inayofuka moshi jikoni inaachwa peupe!

Mkazi wa Kiloleni: Nilikuwepo. Mama alimjibu nini?

Mleta uzi: Hakujibu. Alikuwa anakodolea ukuta, anautafuta mwembe wetu.

Fundi Chokaa: Mkuu pole, ila kota zenyewe zimeinama kama walevi wa mwisho wa mwezi. Pakeni chokaa kwanza.

Mzee wa Behewa: Essen, Ujerumani, mgodi wa makaa wa Zollverein ulifungwa 1986, na 2001 ukawa urithi wa dunia. Mitambo imeachwa humo, kuna makumbusho. Ila wenzetu hela walikuwa nayo.

Mha wa Gungu: Afadhali wewe umeachwa peupe. Mimi hapa Kigoma kiwanja kimepimwa mara tatu, bikoni ya mwisho, lile jiwe la mpaka, imesimama katikati ya choo!

Fundi Chokaa: Kilichotangulia choo au bikoni?

Mha wa Gungu: Choo! Cha babu!

Mkazi wa Kiloleni: Na mtaro wa kwetu je? Mvua ikinyesha napokea wageni kwa ndoo.

Mleta uzi: Jamani turudini kwenye mada. "Bado kuna watu wanaishi?" Mbele ya mama yangu!

Mzee wa Behewa: Mha, ukipanda treni nibebee migebuka mikavu.

Mha wa Gungu: Asali huko lita shilingi ngapi?