Ushauri: kuinua mbele ya Hilux kwa bei nafuu, Tanga

Mtoto wa Chumbageni: Wakuu, habari za mchana. Nina Hilux Vigo ya 2009, dizeli, dabo kebini, 4x4. Mbele imeinama, nyuma iko juu, ukiitazama ubavuni utadhani inanusa lami. Nataka spesa za mbele (vipande vya kuweka juu ya shokapu ili gari ipande) za inchi 2 na nusu ikae sawa. Za kuagiza bei imenishinda. Fundi wangu hapa Ngamiani anasema tuchongeshe za chuma kwa mtu wa leizi (mashine ya kuchonga vyuma), kazi yote laki na ishirini. Aliyewahi kufanya anishauri, maana usingizi umekata.

Sauti ya Pongwe: Pikapu hutoka kiwandani mkia ukiwa juu kwa makusudi. Ukipakia unashuka, gari inakaa sawa. Umenunua ya kubebea mzigo au ya kupigia picha Raskazone?

Mama Kheri: Wanaume na magari! Wangu alibadilisha rimu, ada ya watoto nikailipa mimi kwa vitumbua. Endelea tu baba.

Gurudumu la Akiba: Mkuu, hiyo 2 na nusu ni unene wa spesa au unataka gari ipande kiasi hicho? Shokapu ya Vigo imefungwa kwenye mkono wa chini (chuma kinachounganisha tairi na fremu), ndani kabisa, mbali na tairi. Kwa hiyo spesa ya inchi 1 inainua karibu inchi 2. Ukichonga 2 na nusu unapanda zaidi ya inchi 4, mkono wa juu unagonga springi, sivi jointi (viungo vya kuzungusha tairi za mbele) zinazunguka zikiwa zimepinda, buti zake za mpira zinachanika, grisi yote inapakaa ndani ya rimu. Nyuma kukoje?

Mtoto wa Chumbageni: Nyuma kawaida tu mkuu.

Gurudumu la Akiba: Kawaida ya majani mangapi ya springi?

Mtoto wa Chumbageni: Msimu uliopita niliongeza mawili kila upande, nilikuwa nasomba machungwa Muheza. Siyatoi, msimu ukirudi nitayarudishia kwa hela gani? Na kianzio nimeshampa fundi, elfu 80. Mimi nimeuliza habari ya mbele jamani.

Msambaa Mpole: Umeshajijibu. Mbele haijashuka, nyuma ndiyo imepandishwa. Marehemu baba alikuwa na Land Rover, tukishusha kabichi kutoka Mlalo. Aliiongezea majani mpaka ikitembea tupu mnapiga vichwa kwenye turubai. Mama akagoma kupanda, akawa anakwenda Lushoto kwa basi, na wala hawakuwa wamegombana.

Ustadhi wa Mabanda: Gari imepangiwa kama tani 1, mwanadamu anaongeza majani apakie 2. Halafu breki zikikataa mnasema ni kudra.

Mtoto wa Chumbageni: Ustadhi, tani 2 sijapakia. Na fundi wangu ni mzoefu, amesema chuma kizuri kikikosekana atakaza tosheni ba tu, mbele itapanda yenyewe.

Nahodha Mstaafu: Hapo hapo, simama! Vigo haina tosheni ba, zile fito za chuma zinazojisokota badala ya springi. Mbele ni springi za koili. Tosheni ba zilikuwa kwenye Hilux nyingi za kabla ya 2005. Huyu hana gari, hii ni chai.

Sauti ya Pongwe: Na maandazi hajaleta.

Mama Kheri: Kumbe nimetaja ada ya wanangu bure!

Mtoto wa Chumbageni: Siyo chai, nimeandika alivyosema fundi. Gari iko gereji, picha jioni.

Nahodha Mstaafu: Jioni ya lini?

Gurudumu la Akiba: Nahodha, kama si chai ndiyo balaa kubwa zaidi, fundi hajui gari iliyo mbele yake. Chumbageni, muulize atafungua nati zipi. Zile 3 za juu zinazoshika kofia ya shokapu, sawa, spesa inakaa hapo na springi haiguswi. Akigusa nati ya katikati bila kibana springi, mwambie aache. Ile springi imebanwa, ikifyatuka inaua mtu.

Mtoto wa Chumbageni: Nimempigia. Anasema ya katikati lazima ifunguke, ila springi ataifunga kwa kamba ya mkonge, ile nene ya melini.

Sauti ya Pongwe: Nahodha, futa kauli. Mtunga chai hawezi kuwaza kamba ya mkonge. Huyu ni mtu wa Tanga kweli na gari anayo.

Nahodha Mstaafu: Nafuta. Kachukue gari, ndugu yangu. Elfu 80 andika sadaka.

Mtoto wa Chumbageni: Sadaka hapana, elfu 80 atanifanyia kazi nyingine. Nikimwambia atoe jani moja moja nyuma, alaimenti ya tairi bado nifanye?

Gurudumu la Akiba: Kama mbele hajagusa, haina haja. Yubolti zinazobana majani kwenye ekseli zikazwe tena ukishatembea kidogo. Halafu angalia taa: mkia ukishuka zinapanda, usije ukawapofusha wanaotoka Segera usiku.