Uzi wa tuliowahi kumsaidia mzazi kumwombea mtoto mkopo wa chuo. Tupeane uzoefu

Mjomba wa Mtaa:
Wakuu, habari za jioni. Leo steshenari nimemkuta mzee mmoja kashika bahasha ya kaki kwa mikono miwili, utadhani kabeba mayai. Binti yake kamaliza kidato cha sita, yuko Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, simu hana, kwa hiyo baba ndiye anahangaikia maombi ya Bodi ya Mikopo. Kijana wa kompyuta akamuuliza, "Mzee, anwani ya barua pepe?" Mzee akamtajia sanduku la posta la shule ya msingi ya kijijini kwao. Foleni nyuma ikaanza kuguna, naye akawa anasogea pembeni kidogo kidogo, bahasha kaikumbatia. Nikashindwa kuondoka. Nimekaa naye saa mbili na nusu na bado hatujamaliza. Nimemkumbuka mama yangu mwaka ule wa mdogo wangu. Waliowahi kukalia kiti hicho njooni, ninyi mlikwama wapi?

Dada Mkubwa:
Sisi tulikwama kwenye jina. Cheti cha kuzaliwa cha mdogo wangu kinasomeka Mwanahamisi, cha kidato cha nne Mwanakhamisi. Herufi moja! Mama alikuwa anasema, "Si huyu huyu mwanangu?" Na cheti cha kuzaliwa lazima kwanza RITA, wale wa usajili wa vizazi na vifo, wakihakiki, ndipo upate cha kupandisha kwenye mfumo. Tuligundua zikiwa zimebaki siku tisa. Kwa wakili kula kiapo, kurudi, kusubiri majibu ya uhakiki, mama halali. Mkuu, chukua vyeti vyote vya huyo binti, vilaze mezani pamoja, soma herufi kwa herufi kabla hujagusa kompyuta.

Njia Panda:
Naunga mkono hoja. Herufi moja inaweza kukuzeesha.

Fundi Redio:
Kosa letu lilikuwa namba ya simu. Kijana wa steshenari alijisajilia kwa namba yake na barua pepe yake, eti tusisumbuke. Baadaye fomu ikawa inahitaji marekebisho, nywila anayo yeye, na yeye kahamia mji mwingine. Baba alikwenda kwenye kile kibanda siku tatu mfululizo akakuta kufuli. Tumieni namba ya mzazi mwenyewe. Nywila andikeni kwenye karatasi, mfichie mama kwenye doti yake ya khanga. Huko haipotei kitu.

Mama Watatu:
Mimi ni mzazi mwenyewe, wala si msaidizi. Nimesoma hapa machozi yananilenga.

Mwanangu wa kwanza nimemlea peke yangu tangu ana miezi minane. Baba yake yupo hai, tulikuwa tunasikia tu kwa watu. Tulipofika sehemu ya wazazi, yule kijana aliyekuwa anatujazia akainama akaniambia taratibu, "Mama, weka baba ni marehemu. Yatima wanatazamwa kwanza. Cheti cha kifo kitapatikana." Nikanyamaza. Nilikuwa na deni la kodi miezi miwili, na ile 30,000 ya maombi nilikuwa nimeikopa kwenye kikoba. Nisiwadanganye, nilitaka kusema ndiyo.

Nikamtazama mwanangu. Alikuwa anakwangua rangi ya meza kwa ukucha. Akasema bila kuinua uso, "Mama, mimi simziki baba kwa sababu ya ada."

Tukaandika yupo hai. Mdhamini nikawa mimi. Dole gumba niliweka mara mbili, mara ya kwanza wino ulisambaa hadi nje ya kisanduku, fomu ikachapishwa upya. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa akatuandikia barua kwamba namlea peke yangu. Awamu ya kwanza ya majina ikatoka, hayumo. Ya pili, hayumo. Nikauza cherehani, akaenda kuripoti. Dirisha la rufaa lilipofunguliwa tukapeleka ile barua, na kwenye rufaa akapata. Haikuwa yote, ila chakula na malazi alipewa.

Alipofika mwaka wa pili baba yake akamtafuta. Walikutana stendi. Aliporudi nilimuuliza kitu kimoja tu, kama amekula.

Njia Panda:
Mama, waliongea nini?

Chipukizi wa Kusini:
Nimeacha kazi nasoma hapa. Baba alichangia chochote? Tuambie mama yetu.

Mama Watatu:
Sijauliza mpaka leo.

Mkata Shauri:
Hongera mama, ila mimi simlaumu anayeandika marehemu. Baba asiyeleta hata daftari miaka kumi na nane ana tofauti gani na marehemu?

Binti wa Bibi:
Tofauti ipo kaka. Mimi baba na mama niliwazika kweli. Cheti cha kifo cha mama nilikifuatilia mwenyewe nikiwa na miaka kumi na saba, na bibi yangu akaweka dole gumba akiwa haoni jicho moja. Anayeghushi anavunja sheria, halafu anakaa kwenye nafasi ya mtu kama mimi. Usilifanye dogo.

Mkata Shauri:
Nimekuelewa dada. Samahani.

Mwajiriwa Mpya:
Wazazi waelezwe pia kwamba huu ni mkopo, hawapewi zawadi. Mama yangu alishangaa mno alipoona mshahara wangu wa kwanza unakatwa 15%. Alidhani serikali ilishamaliza.

Fundi Redio:
Usiwatishe watu mkuu. Bila huo mkopo huo mshahara ungeutoa wapi?

Mwajiriwa Mpya:
Sitishi. Nataka mzazi aweke dole gumba akijua anachokiwekea.

Dada Mkubwa:
Mjomba, kama kaya yao iko TASAF, ule mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, namba yao iwe mkononi. Na jazeni usiku wa manane, mtandao unakuwa mwepesi.

Njia Panda:
Usiku hapana! Kaka yangu alijaza saa nane usiku akakosea namba ya mtihani ya kidato cha nne. Nendeni asubuhi mmekunywa chai.

Mjomba wa Mtaa:
Nimesoma yote, asanteni sana. Mama Watatu, shikamoo. Vyeti vya binti tumevilaza mezani kama alivyosema dada, majina yanafanana. Laini ni ya mzee mwenyewe, tumeisajilia jioni hii. Saini ya binti itasubiri atakaporudi. Kesho saa mbili tunakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mzee kanipigia sasa hivi kuuliza kama aje na kalamu yake.