Matibabu ni bure, lakini nimerudi nyumbani na nusu dozi

Muuza mukene, Busia
Habari zenu. Nauza mukene, yaani dagaa, hapa sokoni Busia, upande wa Uganda. Juma lililopita mwanangu wa miaka minne alichemka usiku kucha. Asubuhi nikatoka na shilingi 11,000. Boda hadi kituo cha serikali 3,000, daftari la kuandikiwa 1,000. Tumekaa foleni tangu saa moja, tukaonwa saa saba. Sista akamtoboa kidole, malaria. Halafu akachana karatasi ya nyuma ya lile daftari, akaandika jina la dawa: "Kanunue, mama, zetu zimeisha." Dukani wakasema 9,000. Nikachukua nusu, nikarudi kwa miguu naye mgongoni. Jana homa imerudi.

Ada ziliondolewa vituoni mwaka 2001, na nashukuru kweli, maana mama yangu alikuwa anauza kuku ndipo atibiwe. Lakini boda na dawa ya dukani nani anaviondoa? Nyie mnaokula kwa siku, mnajipangaje?

Sista wa kituo cha afya daraja la III, Tororo
Pole sana mama. Mtoto kwanza: mrudishe leo, usingoje kesho. Dawa mseto ni dozi sita ndani ya siku tatu. Nusu inapoza homa tu, vimelea vinabaki. Ulizia pia VHT, mhudumu wa afya wa kujitolea, wa kijijini kwenu. Sehemu nyingi wanapewa kipimo na dawa za watoto wa chini ya miaka mitano, bila malipo.

Dawa zetu zinatoka National Medical Stores, bohari ya dawa ya serikali, kila miezi miwili. Mvua zikishika, malaria inapanda na maboksi yanaisha kabla gari halijarudi. Inaniuma kumwandikia mzazi karatasi huku namwona anahesabu sarafu. Ila kila kituo kina kamati yenye raia ndani yake, na dawa zikifika wao wanashuhudia. Mtafuteni mjumbe wenu, mwulizeni zilikuja ngapi na ziliisha lini. Mkiuliza nyie, na sisi tunapata nguvu ya kudai.

Dereva wa lori, mzaliwa wa Rukungiri
Dada, kwetu milimani mgonjwa alibebwa kwa engozi, kitanda cha kusukwa, wanaume wanne chini yake na wengine nyuma wakisubiri kupokezana. Kila kijiji kilikuwa na kikundi chake cha engozi, na mchango wake. Hospitali ya Kisiizi, huko kwetu, ilipoanza bima ya matibabu mwaka 1996 ilipitia vikundi hivyo hivyo, kwa kuwa watu walishazoea kuchangiana. Sharti moja zuri: sehemu kubwa ya kikundi lazima ijiunge. Wakiingia wagonjwa peke yao, mfuko unakauka mara moja.

Muuza mukene, Busia
Sista, Mungu akubariki. Nilimrudisha jana hiyo hiyo kwa pesa ya kukopa. Leo amekula uji akaomba na wa pili.

Kaka, umenifungua macho. Sisi wanawake kumi na wanane tuna sanduku la akiba, na ndani yake fungu la jamii, 500 kila wiki. Miaka yote tumelifungua msibani tu. Jumapili nitasimama niombe lifunguliwe pia mtoto akiwa bado anapumua. Niambie basi, maana najua wataniuliza: huko kwenu aliyelipiwa anarudisha, au imetoka imetoka?