Lile lidege la mbao la Howard Hughes, lilipaa kweli?

kibosho_boy: Wakuu habari za jioni. Niko hapa Moshi, jana kijiweni tumebishana sana kuhusu H-4 Hercules, lile lidege la kuelea majini la Howard Hughes, yule tajiri Mmarekani mtengeneza ndege, mabawa mita 97 na ushee wakati Dreamliner ya ATCL tunayoiona KIA ni mita 60 tu. Jamaa anakomaa kwamba halikupaa, lilikimbizwa majini likapigwa picha basi. Halafu linalonitatiza zaidi, lidude la injini nane unalijengaje kwa mbao?

Dada_Soweto: Lilipaa, mwambie jamaa yako. Tarehe 2 Novemba 1947, bandari ya Long Beach, California, Hughes mwenyewe ndo rubani. Watu walijua ni majaribio ya kukimbia majini tu, mara akalinyanyua, kama mita 20 juu ya maji, likaenda kama kilomita moja na nusu akalishusha salama. Halikupaa tena. Na kumbuka kipindi hicho maseneta walikuwa wamembana kule Washington kwamba hela ya serikali ya wakati wa vita imeliwa na ndege hakuna, lazima alikuwa na uchungu moyoni.

Seremala wa Sakina: La mbao niachieni mimi. 1942 nyambizi za Wajerumani zilikuwa zinazamisha meli Atlantiki, Henry Kaiser mjenzi wa meli akaja na wazo la kupitisha askari na vifaru juu kwa juu, akamvuta Hughes. Aluminiamu ilikuwa ya kubania kwa ajili ya ndege za kivita ndo maana ikabidi mbao. Sasa msifikirie mbao za kenchi hizi, ni vinia nyembamba, nyingi za mti wa birch, unapaka gundi unapanga tabaka juu ya tabaka, nyuzi za hili zinakata nyuzi za lile, unabana kwenye kalibu kwa joto linatoka na umbo lake kabisa. Chukua plaiwudi ya milimita 3 uikunje kwa mkono, inapinda inarudi, ubao mtupu wa unene huohuo unapasuka kufuata nyuzi. Tena uso unakuwa laini, hakuna ribiti za kukwaza upepo. Shida ni muda. Kaiser akajitoa 1944, Hughes naye alikuwa haachii kitu mpaka kinyooke, vita ikaisha lidege halijakamilika.

mzee_wa_anga: Mimi nampa jamaa nusu. Bawa kubwa vile likiwa karibu na maji, hewa inabanwa chini yake inakubeba. Mita 20 haithibitishi kwamba lingepanda juu na kifaru tumboni, hata na injini za nguvu za farasi 3,000 kila moja.

Dada_Soweto: Hapo sawa mzee wangu, ila wazo lenyewe halikuwa la ajabu. Tangu 1937 ndege za majini za Imperial Airways zilikuwa zinatua Kisumu, Mombasa, Dar mpaka Lindi. Kilichoziua ni viwanja virefu vilivyojengwa kila mahali wakati wa vita.

kibosho_boy: Asanteni sana wakuu. Sasa lenyewe liko wapi, lilibomolewa?

Seremala wa Sakina: Lipo zima, makumbusho ya McMinnville, Oregon. Hughes alilitunza kwenye hanga mpaka anafariki 1976. Mimi nikipata nafasi ya kufika huko naanzia kwenye viungo vya mabawa.