Magari 51 kwenye kiwanja cha 16 kwa 40, halafu nachekwa mimi!

Binti_Mbagala (mleta uzi): Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Yule bwana wa kamati yetu ya ujenzi, wa mtaani mnamjua, yule haachi kikokotoo cha simu. Kachukua kiwanja chetu cha maegesho, mita 16 kwa 40, kapata mita za mraba 640, kagawa kwa 12.5, yaani gari moja 2.5 kwa 5. Katangaza: "Yanaingia 51." Watu makofi!

Nikanyoosha mkono, njia ya kupita iko wapi? Akanigeukia mbele ya wazee: "Dada, gari lina matairi, njia litajitafutia." Ukumbi mzima kicheko. Litajitafutia! Labda yashushwe na helikopta, yabanwe kama dagaa, madereva wakae humo humo mpaka Pasaka!

Pale ni safu mbili tu. Mita 5 huku, 5 kule, katikati 6 gari lipate kukata kona. Upana umeisha. Urefu 40 gawa kwa 2.5 ni 16 kila safu. Jumla 32, na bado hujatoa pa kugeuzia kule mwisho. Eti litajitafutia. Mbele ya wazee!

Kifimbo77: Si ndiye aliyekadiria viti vya mkutano mwaka jana? Tulipakatana.

Shangazi_Tanga: "Litajitafutia" 😂😂 naiweka status.

Binti_Mbagala: Shangazi usicheke, na wewe ungekuwepo ungelia.

BodaMkongwe: Hizo 32 ni Vitz au Fuso? Mleta uzi kinachokuuma ni kuchekwa, maegesho unasingizia.

Binti_Mbagala: Nimechekwa MBELE YA WAZEE, na hesabu yangu ndiyo sahihi!

Mzee_wa_Site: Heri yako. Fundi wangu kakadiria marumaru boksi 40 za sebule, zimebaki 17. Pesa imelala stoo.

Kifimbo77: Wangu zilipungua 3. Narudi dukani, rangi ile imekwisha. Sebule ina kiraka kama suruali ya shule.

BodaMkongwe: Mafundi wote ndugu moja.

Binti_Mbagala: Jamani, turudi kwenye mada.

Mzee_wa_Site: Kifimbo, rangi gani? Zangu za maziwa, 40 kwa 40.

Kifimbo77: Hizo hizo mkuu! Boksi unaachia bei gani?