Dalili za barafu kipupwe: zipi za kuamini?

Kinyungu_Makete: Wakuu, nina viazi mviringo bondeni, vina wiki ya sita. Wazee huku wanatazama moshi, nyota, umande na nyenje kujua kama barafu itashuka. Zipi zina ukweli? Na nikiona dalili jioni, nifanye nini kabla ya giza?

Mzee wa Uporoto: Moshi ndiyo dalili kubwa. Tazama majiko ya jirani jua linapozama: moshi ukipanda kidogo kisha ukalala bapa juu ya bonde, ujue hewa ya chini imeshapoa kuliko ya juu na hakuna upepo wa kuzichanganya. Usiku wa hatari si ule wa manyunyu na upepo wa kusini-mashariki, hata kama ndio unaokutetemesha. Ni ule unaofuata, mawingu yakiondoka alasiri na upepo ukikatika, kwa sababu joto la ardhi linapanda angani bila kizuizi. Nyota kung'aa ni habari hiyohiyo.

Nyenje wakinyamaza, wanakuambia baridi imeshafika. Hawatabiri.

Shamba Darasa: Umande wengi wanausoma kinyume. Majani yakilowa mapema, saa 2 au saa 3 usiku, hewa ina unyevu, na mvuke ukigeuka maji unatoa joto linalopunguza kasi ya baridi. Cha kuogopa ni nyasi kubaki kavu hadi usiku mwingi huku baridi ikizidi. Ndiyo maana mvua ikikata mapema wazee wanakuwa na wasiwasi, na wana haki: udongo mkavu hautunzi joto la mchana.

Kipimajoto kiweke kwenye kimo cha majani, si ukutani. Usiku mtulivu, hewa ya kimo cha mtu inaweza kuzidi ya kwenye nyasi kwa nyuzi 2 hadi 4. Majani ya viazi huungua yakifika nyuzi 1 au 2 chini ya sifuri, na baridi hukolea karibu na macheo.

Kinyungu_Makete: Asante sana mkuu. Nikiwasha moto wa majani mabichi usiku, moshi utasaidia?

Mzee wa Uporoto: Hapana ndugu yangu. Chembe za moshi ni ndogo mno kuzuia joto lisitoke ardhini, utakesha bure. Mwagilia udongo mchana, jua likiwa bado kali, maji yaingie kama sentimita 30. Toa magugu, na matandazo mazito yasogeze kando, maana yanazuia joto la udongo lisiyafikie majani. Pandishia matuta, ili shina lililofunikwa lichipue tena majani ya juu yakiungua. Miche ya kitaluni funika kwa nyasi juu ya fito, zisiguse majani, ufunue jua likitoka.

Halafu kagua upande wa chini wa shamba. Hewa baridi inateremka kama maji. Ua mnene au kichaka kilichokatiza mteremko kinaituamisha juu ya viazi. Fungua upenyo.

Shamba Darasa: Nyongeza: asubuhi majani yakionekana kama yamechemshwa, kisha ncha zote zikawa nyeusi kwa mpigo, hiyo ni barafu. Ugonjwa wa ukungu huanza kwa mabaka, jani moja moja, siku za unyevunyevu. Usipoteze dawa ya ukungu hapo, na usiing'oe mimea. Subiri wiki mbili uone machipukizi.