Pikipiki DT125 imepigwa boringi na pistoni mpya, fundi kasema niiache ingurume usiku kucha. Ni sawa?

mteremko_wa_Soni
Wakuu habari za jioni. Nina DT125 ile ya zamani inayopozwa na upepo, niliinunua kwa bwana shamba mmoja mstaafu, imenibeba miaka minne huku Lushoto bila kelele mpaka mwezi uliopita nilipokuwa nateremka Mombo, nimeipita Soni kidogo tu tairi la nyuma likakaza ghafla krrrr, nikawahi klachi nikasogea pembeni mapigo ya moyo yako mbali. Kumbe pistoni imegandia. Fundi kafungua, silinda imekwaruzika upande wa eksozi, wachongaji wamepiga boringi 0.50 (wameipanua silinda nusu milimita), tumeweka pistoni mpya na ringi zake na gasketi zote, jana kaifunga ikawaka kiki ya tatu.

Sasa hapa ndo nachanganyikiwa. Fundi anasema niiache ingurume usiku kucha ringi zijipange. Jirani anasema nisivuke 40 mpaka km 1000. Kijana wangu kaangalia video huko anasema nivute resi yote toka siku ya kwanza. Nimsikilize nani? Na oili ya 2T (ya injini za mipigo miwili, ile inayoungua pamoja na petroli) niweke kiasi gani, maana pampu ya oili iliwahi kuzibwa kabla yangu, mimi natia kwenye tenki vifuniko viwili vitatu kwa makadirio.

gereji_chini_ya_mwembe
Mkuu pole, shukuru uliwahi klachi.

Usiku kucha usithubutu. Hiyo injini haina feni wala maji, kinachoipoza ni upepo wa kutembea, ukiisimamisha uani inanguruma masaa sita unaichemsha tu kama maharage. Na ringi haijipangi kwa kunguruma. Kinachoisukuma ringi ibane ukuta wa silinda ni gesi inayowaka inayoingia nyuma yake, sasa injini isipobeba mzigo hiyo nguvu haipo, ile mistari ya msalaba waliyoacha wachongaji inasuguliwa mpaka inang'aa kama kioo na ringi bado haijakaa. Asubuhi utakuta plagi imelowa oili na sailensa inatiririka uji mweusi.

Fanya hivi. Iwashe, ipe resi ndogo ndogo dakika mbili tatu mpaka mapezi ya silinda yashike joto kiasi kwamba kiganja hakikai, zima, nenda kanywe chai, rudi ikiwa ya baridi kabisa mkononi. Rudia mara tatu. Pistoni inatanuka haraka kuliko silinda, kwa hiyo hapo unaitanua na kuirudisha pole pole kabla hujaipa kazi. Ikishapoa mara ya mwisho kaza upya nati za hedi kwa msalaba, tumia spana ya toki inayopima nguvu ya kukaza, usikaze kwa hasira.

Baada ya hapo iendeshe dakika 15 ipumzike. Resi isizidi nusu lakini usiigandishe sehemu moja, fungua funga fungua funga, kilima kidogo ni kizuri, ila usiilazimishe gia kubwa ikaanza kugonga. Na abiria hapana. Tenki mbili hivi zikiisha anza kuivuta kwa muda mfupi mfupi. Jirani yako yuko karibu na ukweli kuliko wengine, ila 40 ile ile km 1000 nayo ni kuidumaza.

Ila mimi nina swali moja. Siku ile unateremka, resi ilikuwa wazi au umefunga?

nahodha_mstaafu_Kilwa
Vifuniko viwili vitatu 😂😂 mkuu hapo ndo ulipoiua.

Mimi ni mtu wa mashine za boti, ni 2T vile vile. Mashine ikitoka kufunguliwa tunaipa 1 kwa 25, yaani lita 5 za petroli na mililita 200 za oili, ikishazoea ndo tunapunguza. Kwa DT isiyo na pampu baada ya hizo tenki mbili nenda 1 kwa 32, lita 5 ni kama mililita 156. Changanya kwenye dumu, tikisa, ndo utie tenkini. Kipimo tafuta chupa ya mtoto ya kunyonyea, ina mistari ya mililita mpaka basi. Mimi nilichukua ya mjukuu, bibi yake alininunia wiki nzima.

Na usijidai kuzidisha oili eti ndo ulinzi. Oili ikizidi imekaa nafasi ya petroli, jeti (kitundu cha petroli kwenye kabureta) ni ile ile, injini inapata petroli pungufu na inachemka zaidi. Na iwe oili ya 2T kweli, sio ile ya SAE 40 ya gari.

baba_wawili
Mbona yangu niliiacha ikinguruma usiku kucha mwaka juzi na inadunda mpaka leo? Mafundi wetu wana uzoefu jamani.

gereji_chini_ya_mwembe
@baba_wawili yako ni ya 2T?

baba_wawili
Hapana ni Boxer, ya mipigo minne

gereji_chini_ya_mwembe
Haya.

mteremko_wa_Soni
Mkuu nilikuwa gia ya tatu resi nimefunga kabisa, toka juu. Naokoa breki na petroli.

gereji_chini_ya_mwembe
Basi muuaji kapatikana. Pampu haipo, oili yako yote inaingia pamoja na petroli, ukifunga resi petroli haiji na oili haiji, lakini tairi linaizungusha injini kwa kasi vile vile. Pistoni inapanda na kushuka kavu kilomita na kilomita. Ungefunga mpya tatu zingekufa kona ile ile. Ukiteremka kila baada ya sekunde chache ipe resi kidogo ilambe oili, au kamata klachi ingurume yenyewe huku unatumia breki zote mbili, na simama njiani breki zipoe.

Alafu kagua ile mpira kati ya kabureta na silinda. Ukiwa na ufa inavuta hewa ya wizi.

mteremko_wa_Soni
Wakuu mrejesho. Mpira nimeukunja kwa vidole, chini kuna ufa wa urefu wa ukucha, hauonekani mpaka uukunje. Nimebadilisha. Nimewasha nikazima mara tatu, nati za hedi zilikubali kukazika kama robo mzunguko. Tenki ya kwanza imeisha kwa njia za juu huku huku, plagi nimeifungua ina rangi ya kahawia kama chokoleti. Leo nimeshuka mpaka Soni, kila kona naipa resi kidogo, watoto wa shule wakadhani nawapigia fujo wakaanza kushangilia.

Fundi nimemwambia habari ya kunguruma usiku, kasema hata yeye aliambiwa tu.

nahodha_mstaafu_Kilwa
Na chupa ya kunyonyea umepata wapi?

mteremko_wa_Soni
Nimenunua mpya mkuu, naogopa kununiwa.